Kutafuta Hitilafu ya Umeme katika Pikipiki ya Zamani

Katika pikipiki iliyotumika miaka 20 au 30, kifaa kikubwa cha umeme si cha kwanza kushukiwa. Mara nyingi kinachoharibika ni njia ya umeme yenyewe: terminali iliyoshika kutu, soketi iliyolegea, au waya uliokatika ndani ya ganda lake ilhali kwa nje unaonekana mzima. Kwa sababu hiyo, mtu anayeanza kwa kununua CDI (kisanduku kinachoongoza cheche za plagi) au regileta mpya (kidhibiti cha volti za chaji) anaanzia mwisho. Niliwahi kubadilisha regileta nzima, kumbe tatizo lilikuwa rangi iliyopakwa chini ya bolti inayoifunga athi, yaani waya wa kuurudisha umeme kwenye betri, kwenye fremu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: multimita, balbu ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili, msasa laini, na mchoro wa nyaya wa modeli hiyohiyo, kwa kuwa rangi za nyaya hutofautiana kati ya watengenezaji. Hakikisha pia ni upande upi wa betri ulioungwa kwenye fremu. Kwa kawaida ni hasi, lakini pikipiki nyingi za zamani za Uingereza ziliunganishwa upande wa chanya, na kukosea hapo huunguza vifaa mara moja.

Anza na betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaji wala mzigo, husoma takriban volti 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa betri iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri hadi itakapopewa kazi. Bonyeza stata huku ukitazama mita: volti zikiporomoka chini ya 9.5 hivi, ichaji betri kikamilifu na urudie kipimo. Zikiporomoka tena, betri ndiyo yenye kasoro. Weka ncha za mita juu ya nguzo za betri zenyewe, kisha uzihamishie kwenye vichwa vya nyaya vilivyofungwa hapo. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana wakati stata inazunguka, tatizo ni uchafu au ulegevu kati ya nguzo na kichwa.

Fyuzi ichomolewe na kupimwa, isitazamwe kwa macho tu, kwani fyuzi ya kioo huweza kukatika ndani ya kofia yake ya chuma mahali pasipoonekana. Ikiwa inaungua kila unapoibadilisha, usiweke kubwa zaidi wala usiizungushie karatasi ya alumini, maana kitakachoungua baadaye ni nyaya. Chomeka ile balbu mahali pa fyuzi, ukitumia balbu ya wati 21 kama ya indiketa, kisha uwashe swichi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, huenda kuna shoti, yaani umeme unapita moja kwa moja kwenye athi bila kupitia kifaa. Anza kuchomoa vifaa kimoja kimoja, na pale mwanga utakapofifia ghafla umepata tawi lenye kasoro. Kumbuka tu kwamba taa kubwa iliyowashwa nayo huifanya balbu ing'ae, kwa hiyo izime kwanza.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha upotevu wa volti, na ndicho watu wengi hukiruka. Kupima ohomu, yaani ukinzani wa waya, hudanganya: waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba huonekana mzima kwenye mita, lakini hauwezi kupitisha mkondo wa taa. Kwa hiyo pima umeme ukiwa kazini. Weka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ubonyeze stata. Ikisoma chini ya volti 0.3, athi ni nzuri. Ikisoma volti 1 au zaidi, fungua bolti ya athi, sugua mpaka chuma king'ae, na ufunge upya. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka kwenye nguzo ya betri hadi kwenye terminali ya stata. Dalili nyingine ya athi mbovu ni indiketa inayofanya taa ya nyuma ipepese pamoja nayo, kwa sababu mkondo uliokosa njia yake hurudi kupitia balbu ya jirani.

Nyaya zinazopita kwenye shingo ya usukani hujikunja kila unapokata kona. Geuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa inaunguruma. Ikizima au taa zikikatika, fungua ganda la nyaya hapo.

Kuhusu chaji, volti za betri zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 injini inapozunguka mara 4,000 hivi kwa dakika. Zikivuka 15, shuku regileta au athi yake. Zisipopanda, chomoa soketi inayotoka kwenye alteneta (kizalishaji cha umeme kwenye injini), na uitazame kwanza, kwa kuwa mara nyingi plastiki yake huwa imeyeyuka kwa joto. Ikiwa alteneta ina nyaya tatu, pima volti za AC (umeme unaobadilisha mwelekeo) kati ya kila jozi: zinapaswa kulingana na kupanda pamoja na kasi ya injini. Zima injini, kisha uhakikishe hakuna waya kati ya hizo unaogusana na bodi.

Ikiwa plagi haitoi cheche, kagua swichi ya kuzimia kabla ya koili (inayoongeza volti za cheche). Katika pikipiki ndogo za magneto (zinazojitengenezea umeme wa cheche bila betri), swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka waya wa kuwashia kwenye athi, kwa hiyo ikishika kutu kwa ndani huzima hata ikiwa imewekwa upande wa kuwasha. Chomoa waya huo na upige kiki. Injini ikiwaka, kosa liko kwenye swichi au waya wake. Na kwa kuwa sasa swichi haiwezi kuizima, uwe umejiandaa kuuchomeka waya tena, au kuweka gia na kuachia klachi polepole huku umeshika breki.