Msaidizi wa kisheria, kazi yako inaishia wapi

Ninafanya kazi ya usaidizi wa kisheria wilayani Kilosa, ambako ofisi yetu hupokea zaidi kesi za mashamba, mirathi na ndoa. Wenzetu wapya wakitoka mafunzoni, mimi ndiye huwakalisha chini kabla hawajapewa meza. Wanakuja na vifungu vingi kichwani, na wengi wanaamini mipaka yetu iliwekwa ili mawakili wasikose riziki. Sivyo. Aliyewekewa mipaka hiyo ni yule mama aliyetembea tangu alfajiri na hati zake amezifunga kwenye pindo la kanga.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayotutambua huku Tanzania Bara. Kazi inazotupa ni kuelimisha, kumwelekeza mtu kwenye chombo kinachohusika, kumsaidia afike kwa wakili na kuwashauri wanaogombana wapatane. Kisha inatukataza kufanya kazi ya uwakili, na inatukataza kumtoza mteja ada. Shika haya mawili kwanza.

Mteja akiketi, jitambulishe kabla hajaanza kusimulia. Mimi husema: "Shikamoo bibi. Mimi si wakili. Nitakueleza sheria inasemaje na uende wapi. Mahakamani sitasimama kwa niaba yako, na hapa hulipi kitu." Akikuita wakili, mrekebishe palepale, hata kama wapo watu wanaosikia. Mtu anayeamini ana wakili hubaki shambani siku ya kesi akijua wewe upo, na kesi yake inafutwa kwa kutohudhuria.

Baada ya hapo watakuja na maswali. "Mwanangu, nitashinda?" Hilo usilijibu. Umesikia upande mmoja na jalada hujaliona. "Nikate rufaa?" Hapa eleza kila unachokijua: rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, maombi yanapelekwa wapi, wakili wa msaada anapatikanaje. Uamuzi mwachie yeye. Akikusukuma umwamulie, mrudishie swali kwa upole, hata mara tatu.

Muda ni jambo ninalolirudia kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo mtu mwenye nia njema anamwangamiza mteja. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukilikalia faili lake ukingoja "kulisoma vizuri", umemlia siku zake. Kwa hiyo siku hiyohiyo anayokuja, uliza tukio lilitokea lini, andika tarehe ya mwisho kwenye karatasi na umpe aondoke nayo. Na usiseme kwa kutegemea makabrasha ya zamani. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mtu anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado nakuta wananchi walioambiwa na msaidizi wasubiri "hukumu ya kata", nao wanasubiri. Kama hujui sheria ya leo inasemaje, mwambie mteja kwamba utauliza, kisha uulize kweli.

Kwenye kuandika, andika maneno yake. Mzee akisema "walilima hadi kwenye mwembe wangu", usigeuze ikawa "walivamia kwa silaha" ili ipendeze. Akihojiwa kuhusu silaha atababaika, na atakayeonekana mwongo ni yeye. Asiyejua kusoma, msomee yote polepole kabla hajaweka dole gumba, na aondoke na nakala. Hati za mauziano ya shamba usiandike kwa malipo. Sheria ya Mawakili inaliita hilo kosa kwa asiye na sifa. Kiapo kinathibitishwa na mwenye mamlaka hayo kisheria, kama kamishna wa viapo au hakimu, nawe huna muhuri huo. Mawakili vishoka wengi, yaani wale wa bandia, walianzia hapo, na karatasi ndogo ya elfu tano.

Watakuomba pia useme mahakamani kuwa wewe ni ndugu. Ni kweli Mahakama ya Mwanzo inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa kaya moja kumsemea mhusika. Wewe mlikutana ofisini. Kataa, kisha mfundishe namna ya kueleza jambo lake mwenyewe: aanze na tarehe, aje na mashahidi walioona kwa macho yao, asimjibu mpinzani bali amjibu hakimu. Kaa naye afanye mazoezi. Hiyo ni kazi yetu halali, na nimeona wajane wakisimama wima baada ya mazoezi hayo.

Kuhusu kuku. Kesi ikiisha vizuri mtu ataleta kuku, au debe la mahindi, na kwetu kukataa zawadi kunaumiza. Wapo wenzangu wanaoona soda haina neno. Mimi naikataa hata soda, kwa sababu anayefuata foleni bila kuku ataona yeye hasaidiki. Nasema asante, namwomba ampelekee mgonjwa au jirani aliyemlelea watoto alipokuwa anafuatilia kesi. Ahadi ya "tukishinda nitakukatia nusu eka" ikatae kwa ukali kabisa, maana ukiipokea umeshakuwa mdai wa shamba lilelile. Na bahasha ya wakili unayempelekea wateja ni ada ileile kwa mlango wa nyuma. Mpe mteja majina kadhaa, achague mwenyewe.

Usuluhishi una mwisho pia. Mpaka wa shamba, matunzo ya watoto, deni, hayo wakalishe waongee. Ila umesikiliza siri za mke peke yake leo, kesho usijifanye mwamuzi kati yake na mume, mpe mwenzako. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya wakulima, kwa hiyo mgogoro wa kijiji chetu na wafugaji siukalii. Mfugaji ana haki ya kusikilizwa na mtu ambaye baba yake hana shamba pale.

Ubakaji, au mtoto aliyeumizwa, hausuluhishwi. Adhabu ya mtu mzima kwa ubakaji haipungui miaka 30, ndiyo maana familia itakujia usiku ikisema imeshakubaliana ng'ombe. Usiandike makubaliano hayo, usiwe shahidi wake. Mpeleke mtoto dawati la jinsia polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Siri ya mteja haikuzuii hapa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake.

Kwa mengine yote siri ni siri. Daftari lifungiwe kabatini. Usipige picha hukumu ya mtu ukairusha kwenye kundi la WhatsApp kuomba maoni. Ukihitaji kuuliza, eleza tukio bila jina wala kijiji. Na unapomkabidhi mteja kwa wakili, barua yako iwe na mambo matatu: alichosema, ulichomweleza, na tarehe ya mwisho ya kuchukua hatua. Hiyo tarehe iandike juu kabisa.