Jinsi ya kupima dai la tafsiri: mafunjo ya Joseph Smith, karatasi ya Anthon na mabamba ya Kinderhook

Mabishano juu ya tafsiri za Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa la Wamormoni aliyesema ametafsiri maandishi ya kale, huzunguka palepale kwa sababu wabishani wengi hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja ana kipande cha mafunjo, yaani karatasi ya kale ya Misri, mbele yake, mwenzake anatetea gombo ambalo halipo tena. Njia salama ni kuanza na kitu chenyewe: kipo au hakipo, kilipitia mikono ya nani, nani aliandika nini kukihusu, na lini. Swali la kama Joseph alikuwa nabii liweke kando. Hatua hizi haziwezi kulijibu, na ukiliingiza mapema litavuruga kila utakachosoma.

Tayarisha jedwali kabla ya kusoma chochote

Gawa ukurasa katika safu tano: kitu, kauli iliyotolewa, msemaji, tarehe ya tukio, tarehe ya kuandikwa. Safu mbili za mwisho zisiunganishwe hata kidogo. Makosa mengi katika somo hili huzaliwa pale mtu anaponukuu maneno ya 1838 kana kwamba yaliandikwa mwaka 1828, au anapochukua historia iliyohaririwa na makarani baada ya kifo cha Joseph, Juni 27, 1844, na kuidhania kuwa shajara yake. Usijaze safu ya msemaji kwa jina la kitabu ulichokisoma. Jaza jina la mtu aliyeshika kalamu.

Fuata njia ya kitu

Anza na mafunjo, maana hapo ndipo kuna vitu vya kushikika. Michael Chandler alifika Kirtland, Ohio, katikati ya mwaka 1835 akiwa na maiti nne za Misri zilizokaushwa pamoja na magombo, vyote vikitokana na machimbo ya Antonio Lebolo huko Thebes. Watakatifu, yaani wafuasi wa Joseph, walivinunua kwa dola 2,400. Sehemu ya Kitabu cha Ibrahimu, ambacho Joseph alisema amekitafsiri kutoka magombo hayo, ilichapwa pamoja na michoro mitatu huko Nauvoo, Illinois, mwaka 1842 katika gazeti la Times and Seasons, na mwaka 1880 kikaingizwa rasmi katika maandiko ya Kanisa ndani ya Lulu ya Thamani Kuu.

Baada ya mama yake Joseph kufariki mwaka 1856, familia iliuza mkusanyiko kwa Abel Combs. Hapa njia inagawanyika, na lazima uifuate mara mbili. Sehemu moja ilifika kwenye jumba la makumbusho la Chicago lililoteketea katika moto mkubwa wa 1871. Sehemu nyingine ilibaki mikononi mwa watu, ikanunuliwa na Metropolitan Museum of Art ya New York mwaka 1947, na Novemba 1967 vipande vikakabidhiwa kwa Kanisa. Miongoni mwake kipo chenye picha ya mtu aliyelala juu ya kitanda cha umbo la simba, ambayo ndiyo asili ya mchoro wa kwanza wa Kitabu cha Ibrahimu. Je, ni vipande vilevile vya Kirtland? Jibu liko upande wa nyuma: vimebandikwa kwenye karatasi zenye michoro ya jengo la hekalu na ramani za eneo la Kirtland, tena viliambatana na hati ya mauzo ya 1856 yenye sahihi ya Emma Smith, mjane wa Joseph. Asili yake haibishaniwi na yeyote mwenye uzito.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kusema “mafunjo yaliungua” au “mafunjo yamepatikana” bila kutaja yapi. Kauli zote mbili ni kweli nusu.

Pima kwanza palipo na maandishi yanayosomeka

Wengi hukimbilia mchoro wa kwanza, kwa kuwa una kipande chake halisi. Tunashauri uanze na wa tatu. Asili yake imepotea, lakini chapa ya 1842 iliyochongwa na Reuben Hedlock ina hieroglifi juu ya vichwa vya watu, na maelezo ya Joseph yanasema wazi kwamba majina yao yamo katika herufi hizo. Hilo ni dai linalopimika moja kwa moja, na madai ya namna hiyo ni adimu katika somo lote hili.

Weka maelezo na usomaji sambamba. Umbo la 1 linaelezwa kuwa Ibrahimu, wataalamu husoma Osiri. Umbo la 2 linaitwa Mfalme Farao, “ambaye jina lake limetolewa katika herufi zilizo juu ya kichwa chake”, na maandishi yanamtaja mungu wa kike Isi. Umbo la 4, mwana wa Farao, ni Maati, naye pia wa kike. Umbo la 5, anayeitwa Shulemu, ni marehemu mwenyewe, kuhani Hor. Umbo la 6, mtumwa, ni Anubi. Usomaji huu haukubaliwi na wapinzani wa Kanisa tu, bali pia na wataalamu wa Misri ya kale walio waumini.

Ukirudi kwenye mchoro wa kwanza, tazama mipaka ya mpasuko kabla ya kuhukumu. Kichwa cha mtu aliyesimama na mkono unaoshika kisu viko katika chapa ya 1842, ila kwenye kipande kilichopo sehemu hizo zimekatika, na kwenye karatasi ya nyuma kuna mistari ya mkono iliyojaribu kuzijaza. Hivyo huwezi kutumia kisu wala kichwa cha binadamu kama ushahidi wa upande wowote. Vyungu vinne chini ya kitanda vimesalimika. Kwa Wamisri ni vyombo vya viungo vya ndani vya maiti, chini ya ulinzi wa wana wanne wa Horo. Kwa maelezo ya Joseph ni miungu Elkena, Libna, Mahmakra na Korashi.

Mchoro wa pili, lile duara lililowekwa chini ya kichwa cha maiti, una mtego wake. Mchoro wa mkono uliohifadhiwa unaonyesha tundu kubwa, na chapa ya 1842 imelijaza kwa herufi za hieratiki, mwandiko wa haraka wa Kimisri, kutoka gombo jingine, nyingine zikiwa zimepinduliwa chini juu. Anayejaribu kusoma ukingo mzima kama sentensi moja atatoka na upuuzi, na upuuzi huo si wa Mmisri. Lakini uwe mwadilifu: wale wana wanne wa Horo wanaojitokeza hapa Joseph aliwaeleza kuwa ni dunia katika pembe zake nne, na Wamisri kweli waliwahusisha na pande nne za dunia. Iandike hiyo nayo katika jedwali. Jedwali lisilo na mstari hata mmoja unaokukera halijajazwa kwa haki.

Umri wa mafunjo usiupe kazi isiyo yake. Ni ya takriban karne ya 3 hadi ya 1 kabla ya Kristo, wakati Ibrahimu kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 2000 kabla ya Kristo. Hilo linavunja dai kwamba Ibrahimu aliandika kwa mkono wake juu ya karatasi hiyohiyo. Halivunji dai kwamba hiyo ni nakala ya kitu cha zamani zaidi.

Linganisha pambizo na kipande

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Fungua picha za miswada ya Kirtland ya 1835 katika mkusanyiko wa Joseph Smith Papers, unaotazamwa bure mtandaoni. Miswada hiyo, kwa mikono ya Frederick G. Williams na Warren Parrish, ina maneno ya Kiingereza ya Kitabu cha Ibrahimu kuanzia sura ya 1, na kwenye pambizo ya kushoto kuna herufi za Kimisri. Kisha fungua picha ya kipande namba 11. Hieratiki husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anza kona ya juu kulia na ushuke mstari kwa mstari. Utaziona herufi zilezile za pambizo zikifuatana kwa mpangilio wake, isipokuwa pale mafunjo yalipotoboka na mwandishi akabuni za kuziba nafasi.

Kipande namba 11 hapo awali kiliungana na kile chenye picha ya kitanda cha simba, na Ibrahimu 1:12 humwelekeza msomaji kwenye picha iliyo mwanzoni mwa kumbukumbu hii. Maneno ya kipande chenyewe ni ya hati ya pumzi, maandiko ya maziko aliyowekewa Hor. Ibrahimu hatajwi. Kanisa lenyewe lilikiri katika maelezo yake rasmi ya 2014 kwamba vipande vilivyopo havimtaji Ibrahimu wala tukio lolote la kitabu hicho.

Wenye kutetea wana majibu mawili, nawe usiyachanganye. La kwanza: Ibrahimu alikuwa sehemu nyingine ya gombo, iliyopotea. La pili: mafunjo yalikuwa kichocheo tu, na maneno yalikuja kwa ufunuo. La kwanza lina vipimo. La pili halipimiki kwa kipande chochote, na mwenye kulishika aulizwe tu anavyozielewa herufi za pambizoni.

Kupima gombo lililopotea

Gombo lililokunjwa likiharibika, tundu moja hurudiwa katika kila mzunguko. Pima umbali kati ya tundu na tundu: huo ni urefu wa mzunguko mmoja, na hupungua kadiri unavyokaribia ndani. Ukijua unavyopungua, unaweza kukadiria kilichobaki.

Chukua namba za mfano. Mzunguko wa mwisho uliopo ni sentimita 10, na kila mmoja unapungua kwa milimita 6. Iliyofuata ni 9.4, 8.8, 8.2 na kuendelea hadi karibu 2.8, kwa kuwa chini ya sentimita 2.5 hivi mafunjo hayakunjiki. Hiyo ni mizunguko 12 yenye wastani wa 6.1, jumla sentimita 73. Sasa badili kipunguzo kiwe milimita 3: mizunguko inakuwa 25 na jumla inaruka hadi 152. Kikiwa milimita 1, unavuka mita 4 na nusu. Kosa la milimita chache kwenye rula linazaa mita nzima.

Ndiyo maana mtaalamu mmoja, John Gee, alipata takriban futi 41 kwa gombo la Hor, huku Andrew Cook na Christopher Smith mwaka 2010 wakapata kwamba sehemu iliyopotea ni sentimita 56 hivi tu. Ukikutana na makadirio yoyote, tafuta mambo mawili: alama zipi za uharibifu zilitumika, na je, vipimo vyake vimechapishwa ili mwingine avirudie? Cook na Smith walitoa vyao. Kwa maoni yetu makadirio mafupi yamesimama vizuri zaidi, kwa sababu hiyo hasa.

Sauti ni ya nani?

Aprili 1843, huko Kinderhook, Illinois, mabamba sita madogo yenye umbo la kengele yalifukuliwa kwenye kilima cha kale. Sentensi inayonukuliwa sana husema, kwa kinywa cha Joseph, kwamba ametafsiri sehemu yake na kuona ni historia ya mzao wa Hamu kupitia Farao. Ukiifuata nyuma, unaikuta katika shajara ya karani William Clayton ya Mei 1, 1843, ikiwa katika nafsi ya tatu. Wahariri wa historia ndio walioigeuza kuwa “mimi”. Clayton alikuwa karibu, hivyo usimtupe, ila mwandike yeye katika safu ya msemaji.

Mabamba yalikuwa ya kughushi. Wilbur Fugate aliungama kwa barua mwaka 1879 kwamba yeye na wenzake waliyatengeneza kwa nta na asidi. Barua ya miaka 36 baadaye peke yake ni ushahidi dhaifu, na watetezi waliikataa kwa muda mrefu. Kilichomaliza mjadala ni uchunguzi wa 1980 wa bamba moja lililobaki Chicago: aloi ya karne ya 19, herufi zilizochimbwa kwa asidi. Kuhusu lile neno “ametafsiri”, angalia kitabu cha herufi za Kimisri kilichoandikwa Kirtland na Joseph na makarani wake. Humo kuna alama inayofanana na mojawapo ya bamba, na maelezo yake yanakaribiana na maneno ya Clayton. Huenda basi Joseph alilinganisha tu na kitabu chake cha herufi, kisha jambo likaishia hapo.

Karatasi ya Anthon, na hati zinazofaa kupita kiasi

Februari 1828 Martin Harris, msaidizi wa Joseph, alipeleka nakala ya herufi za mabamba ambayo Joseph alisema ndiyo asili ya Kitabu cha Mormoni kwa Charles Anthon wa Columbia College, New York. Simulizi ya Harris ni kwamba Anthon alitoa cheti cha kuthibitisha herufi na tafsiri yake, kisha akakichana. Barua za Anthon mwenyewe zinapingana: ya 1834 inasema alikataa kuandika maoni, ya 1841 inasema aliandika bila kusita. Usimtegemee yeyote kati yao kwa undani. Kinachothibitika ni kidogo: walikutana, na karatasi ilionyeshwa. Kwamba Anthon aliithibitisha tafsiri ya Kimisri haiwezekani. Alikuwa mtu wa Kigiriki na Kilatini, na ingawa Champollion, Mfaransa aliyefumbua hieroglifi, alitangaza ufunguo wake 1822, sarufi yake ilianza kutoka 1836.

Anthon alieleza herufi zilizopangwa kwa safu za wima na duara chini. Karatasi iliyobaki ina mistari ya mlalo, bila duara. Mwaka 1980 Mark Hofmann, aliyekuja kuwa muuzaji wa hati za kale, alileta karatasi yenye safu na duara vilevile, ikiwa imefichwa ndani ya Biblia ya karne ya 17, na wengi wakafurahi. Alikuwa ameighushi kwa kufuata barua ya Anthon. Udanganyifu wake ulifichuka baada ya mabomu aliyoyatega Salt Lake City, Oktoba 1985, pale wachunguzi walipoona kwa hadubini wino wenye nyufa ndogondogo usiofanana na wa hati halali za kipindi hicho.

Kwa hiyo kila kazi iliyochapishwa kati ya 1980 na 1986 ipitie kwa jicho hilo: tafuta barua au hati iliyoibuka miaka hiyo, angalia iliuzwa na nani, na kama njia yake inaishia kwa Hofmann, futa mstari mzima kwenye jedwali pamoja na kila hitimisho lililouegemea.