Namna ya kusoma jaa la wakulima wa kale

Jaa la kale halibaki kama lilivyomwagwa. Majivu hushindiliwa, mifupa huyeyuka, mchwa hupandisha udongo, jembe la leo huvuruga sehemu ya juu. Anayechimba Tabora au Uvinza, akiwa na kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, atafute kwanza kilichohama, ndipo ahesabu vigae, yaani vipande vya vyungu.

Pima shimo la mita 1 kwa 1. Shuka sentimita 5 kwa 5, lakini rangi au ugumu wa udongo ukibadilika, anza tabaka jipya papo hapo. Wengi hung'ang'ania rula wakaunganisha matabaka mawili, na kosa hilo halitengenezeki tena. Chekecha kwa wavu wa milimita 3. Katika kila tabaka tenga lita 10 za udongo usiochekechwa, zikoroge polepole ndani ya ndoo ya maji, kisha mimina kinachoelea kwenye wavu wa milimita 0.5 au chini yake. Humo utapata mtama, uwele na ulezi vilivyoungua. Anika kivulini, maana juani mbegu hupasuka.

Nyunyizia kuta za shimo maji kidogo ili tofauti za udongo zionekane. Duara la udongo mlegevu ni tundu la panya au fuko: lichimbe kwanza, na vilivyomo uvitie kwenye mfuko wa peke yake. Uvinza chumvi ilichemshwa tangu yapata miaka 1,500 iliyopita; punje ya hindi ikitokea kwenye tabaka la umri huo, imeporomoka kutoka juu, kwani mahindi ni zao la Amerika, na yalivuka bahari baada ya 1492.

Mchwa ndio wasumbufu zaidi. Hubeba chembe laini kuzipeleka juu, na vigae wasivyoweza kuvibeba huzama mpaka vikajipanga mstari unaofanana na sakafu. Tazama mlalo: sakafuni vigae hulala bapa juu ya udongo uliokanyagwa, kwenye mstari wa mchwa vimeinama kila upande. Jaribu pia kuunganisha vipande. Chungu kimoja kikitoka tabaka la 2 na la 5, matabaka hayo yamechanganyika.

Udongo wa misitu ya miombo una asidi, hivyo mifupa hudumu zaidi penye majivu. Kuikosa kwingine hakuthibitishi kwamba watu hawakufuga.

Kwa kupima umri, peleka mbegu iliyoungua badala ya mkaa. Mtama ni wa msimu mmoja. Mkaa wa kiini cha mninga, yaani mti wa ndani kabisa ya shina, huweza kuutangulia moto kwa miaka mingi.