Jinsi ya kuandaa jedwali la mkoa la wagonjwa wa mimba zilizoharibika, kwa umri, makazi na uzazi

Anza na kichwa cha jedwali, kabla hujagusa daftari lolote. Kama umeandika "Idadi ya wanawake wanaotoa mimba Dar es Salaam", kifute. Takwimu hiyo haimo kwenye daftari za hospitali. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwenzake mimba, hadi 7 kwa mwanamke mwenyewe, na hadi 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Kwa sheria ya namna hii, hakuna mgonjwa atakayejieleza dirishani alichokifanya, na muuguzi mwenye busara haandiki asichoulizwa.

Kilichomo daftarini ni wanawake waliofika wakihitaji huduma baada ya mimba kuharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Hicho ndicho kichwa chako: "Wagonjwa waliopata huduma baada ya mimba kuharibika katika vituo vya mkoa", na mwaka wake. Aliyenunua vidonge dukani, akatokwa damu nyumbani na kupona, hayumo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikadiria mimba 405,000 zilizotolewa Tanzania, na wanawake 66,600 waliotibiwa madhara yake vituoni, yaani takriban mmoja kwa kila sita. Namba ya kwanza ni makadirio ya kitafiti, haikuhesabiwa kitanda kwa kitanda. Ukizichanganya hizo mbili kwenye sentensi moja bila maelezo, magazeti yatazibeba hivyo hivyo.

Wengi huanza kazi hii baada ya kuona majedwali ya majimbo ya Marekani, ambako majimbo mengi hutaka kituo kijaze fomu kwa kila mgonjwa: umri, ndoa, watoto aliozaa, wiki za mimba, asili, jimbo anakoishi. Ni kielelezo kizuri cha mpangilio, si cha chanzo. Hata huko kuna mapengo. CDC, kituo cha taifa la Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilitangaza mimba 613,383 zilizotolewa kwa mwaka 2022, lakini California, Maryland na New Hampshire hazimo, maana kupeleka taarifa CDC ni hiari ya jimbo. Safu ya asili au kabila usiinakili. Daftari zetu haziulizi kabila, na kubahatisha kwa jina la mgonjwa ni kujitungia data.

Vibali

Kwa utafiti, kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwanza, kisha barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Manispaa, Mganga Mkuu wa Manispaa, na mwisho Mganga Mfawidhi wa kituo. Kuruka ngazi hakuokoi muda. Utafika mlangoni kwa Mfawidhi na kurudishwa ulikoruka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti, kwa hiyo omba data isiyo na majina tangu mwanzo. Jina hulihitaji kwa hesabu hata moja iliyomo humu.

Daftari ziko wapi

Jumla ya mwezi ipo DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, lakini kwa mgawanyo wa kina utashuka mpaka kwenye madaftari ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa huyu huweza kuandikwa kwenye Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, Kitabu cha 14 cha waliolazwa, na rejista ya chumba anakosafishwa kizazi. Wengine hupitia leba, ndiyo maana Kitabu cha 12 nacho kipekuliwe.

Hapo ndipo jedwali linapovimba. Mwanamke anafika kituo kidogo jioni akitokwa damu, anaandikwa. Anapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Mwananyamala, Amana au Temeke, anaandikwa mapokezi, tena wodini. Mtu mmoja, mistari mitatu. Kanuni iliyo rahisi kuisimamia: mhesabu mahali alipokamilishiwa huduma, yaani aliposafishwa kizazi kwa MVA (pampu ya mkono ya kunyonya), alipopewa vidonge vya misoprostol, au alipolazwa na kuruhusiwa. Ndani ya kituo linganisha kwa namba ya hospitali. Kati ya vituo linganisha umri, tarehe (siku hiyo au inayofuata), wiki za mimba na mtaa. Vikikubaliana vyote vinne na mstari mmoja umeandikwa rufaa, futa ule wa rufaa.

Amua pia nani anaingia. Kwa namba za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, chukua O03 hadi O06, na O02.1 kwa mimba iliyofia tumboni mapema. Acha O00, iliyotunga nje ya kizazi, na O01, mimba zabibu, kwa sababu chanzo na tiba yake ni habari nyingine. Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni O20.0, mimba iliyotishia kutoka. Huyu alitokwa damu, akapumzishwa, na mimba ikaendelea. Kwenye daftari neno lake linafanana na mengine, na mwandishi anayekimbizana na ripoti ya mwezi humweka kapu moja na wenzake. Usimhesabu. Mpaka wa juu ni wiki 28: kuanzia hapo ni mtoto aliyezaliwa mfu, na makao yake ni Kitabu cha 12.

Usijaribu kugawa "iliyotoka yenyewe" na "iliyotolewa" kwa kutegemea daftari. Mgawanyo huo unapima ujasiri wa mwandishi tu.

Kusoma mstari mmoja

Tuseme umekuta hivi: miaka 19, Mbagala, G3P1+1, wiki 10, MVA, kijiti.

G3 ni mimba ya tatu. P1 ni kujifungua mara moja. Ile +1 ni mimba iliyowahi kuharibika huko nyuma. Ya sasa haipo kwenye P wala kwenye jumlisha, ipo ndani ya G pekee. Kwa hiyo kila mstari ulio sahihi unatii hesabu hii: G ni sawa na P, kuongeza zilizoharibika, kuongeza moja. Hapa 1 na 1 na 1 ni 3, imekaa sawa. Ukikuta G2P1+1, mwandishi ameihesabu ya sasa kama ya nyuma, na ukiingiza hivyo utamwonesha mwanamke huyu ameharibikiwa mara mbili wakati ni mara moja. Mapacha nao huvuruga: P huhesabu uzazi, si watoto, hivyo mwenye mapacha bado ni P1. Weka kanuni ya G kwenye safu ya ukaguzi ya Excel, ikuwekee alama kila inapokataa. Usisahihishe kwa kukisia. Rudi kwenye faili la mgonjwa, au weka "haijulikani".

"Kijiti" ni uzazi wa mpango aliotoka nao. Safu hiyo iingize. Mameneja wa huduma wataiulizia kabla ya nyingine zote.

"Mbagala" ndiyo yenye kazi. Kuna kata ya Mbagala, kuna Mbagala Kuu, na watu wa Charambe au Kiburugwa nao husema wanakaa Mbagala. Kwa jedwali la mkoa ishia ngazi ya manispaa, Temeke, na hutakosea. Kata iwe kwa ajili ya kazi za ndani. Kumbuka wapo wanaotaja kwa shangazi, si kwao, na sababu yake inaeleweka.

Umri una magonjwa mawili. La kwanza ni kurundikana kwenye 20, 25 na 30, kwa kuwa ama mgonjwa ama mwandishi amekadiria. Makundi ya miaka mitano hayaliondoi kabisa, kwani 20, 25 na 30 zote ndizo zinazofungua kundi, na kundi lililotangulia huibiwa watu. La pili ni binti wa shule kusema ana 18. Ukiona 18 imesimama juu kama mnazi kati ya 17 na 19, liandike kwenye maelezo chini ya jedwali na usiihamishe.

Ndoa? Kama hospitali ina mazoea ya kumwandika kila mwanamke "Bi" au kuacha wazi, safu hiyo haikusaidii. Iache.

Mipaka ya manispaa

Hili huwaumbua wanaochora mwelekeo wa miaka kumi. Manispaa za Ubungo na Kigamboni zilizaliwa kwa kumegwa kutoka Kinondoni na Temeke. Sinza na Manzese ni Ubungo leo, lakini kwenye ripoti za zamani zimo Kinondoni. Ukichora mstari wa Kinondoni bila kulijua hilo, wagonjwa wataonekana kuporomoka ghafla, na mtu ataandika barua ya pongezi. Ilala nayo imekuwa Jiji la Dar es Salaam mwaka 2021, jina limebadilika. Ama uziunganishe manispaa mpya na mama zao kwa miaka yote, ama uanze mwelekeo baada ya mgawanyo.

Weka pia safu mbili za mahali: kituo kilipo, na anakoishi mgonjwa. Hospitali za Dar hupokea watu wa Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, ambao ni wa Mkoa wa Pwani. Ukigawanya wagonjwa wote kwa wanawake wa Dar peke yao, kiwango kinapanda bila sababu. Kansas, Marekani, imekutana na jambo hilo kwa ukubwa: baada ya majimbo jirani kupiga marufuku utoaji mimba mwaka 2022, zaidi ya nusu ya waliohudumiwa huko ni wa kutoka nje ya jimbo. Kwa kupanga vitanda na vifaa tumia mahali pa kituo. Kwa kiwango tumia makazi.

Hesabu tatu, majibu matatu

Hizi ni namba za zoezi, si za Dar. Kati ya wagonjwa 1,000, wa miaka 15–19 ni 180 na wa 25–29 ni 300. Wanawake wa kundi la kwanza ni 60,000, la pili 75,000. Waliojifungua watoto hai ni 3,000 na 10,000.

Kwa asilimia, vijana ni 18 na wakubwa ni 30. Kwa kiwango, vijana ni 3 kwa kila wanawake 1,000, wakubwa 4. Kwa uwiano, vijana ni 60 kwa kila vizazi hai 1,000, wakubwa 30. Uwiano umegeuza picha nzima: mabinti ni wachache, ila wakishika mimba inaharibika au kuharibiwa mara mbili zaidi. Anayetaka kusema "tatizo ni la vijana" atachukua uwiano, anayetaka kusema si la vijana atachukua asilimia. Chapisha zote tatu, zikae safu kwa safu.

Idadi ya wanawake kwa umri ipate kwenye Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 5,383,728 mkoani. Tumia wanawake wa umri husika, si wanawake wote wala watu wote. Na usilinganishe kiwango chako na cha CDC kwa haraka: wao hugawanya kwa wanawake wa 15–44, sisi huenda mpaka 49. Watu wa 45–49 wakiingia, wagonjwa hawaongezeki sana lakini kigawanyo kinanenepa na kiwango kinashuka.

Kundi lenye wagonjwa chini ya 20 lisipewe kiwango, kwa sababu mtu mmoja akiongezeka linaruka. Unganisha miaka miwili au makundi mawili. Na kama "haijulikani" inazidi asilimia 15 ya safu, safu hiyo isitoke. CDC nao hutumia kipimo hicho. Kuwagawa wasiojulikana kwa uwiano wa wanaojulikana kunapendeza macho tu.

Mtego mdogo wa Excel: kundi "10-14" ukiliandika kwa kistari linageuka tarehe ya mwezi wa kumi, wakati "15-19" linabaki salama, ndiyo maana watu hawalioni. Badili safu iwe maandishi kabla ya kuandika, au andika "10 hadi 14".

Kuficha na kuhakiki

Seli yenye mtu 1 hadi 4 ifichwe. Msichana wa miaka 13 kutoka Kigamboni akiwa peke yake kwenye seli, jirani anamjua, na kwa sheria tuliyonayo kujulikana kuna gharama. Lakini seli moja ikifichwa na jumla ikabaki, msomaji anatoa na kuipata, hivyo ficha ya pili kwenye mstari huo na ya pili kwenye safu hiyo. Faili lenye mstari kwa mgonjwa lisitumwe WhatsApp hata kwa mwenzako wa dawati la pili.

Mwisho tenganisha sifuri na wazi. Kituo kilichoandika 0 hakikupata mgonjwa. Kilichoacha wazi hakikuripoti, na DHIS2 ikijumlisha zote huonekana sawa. Chini ya jedwali taja vituo vingapi viliripoti kati ya vingapi, hospitali binafsi zikiwemo. Halafu rudisha rasimu kwa Waganga Wafawidhi kabla ya kuitoa. Mara nyingi wao ndio watakaokwambia kwamba ile sifuri ya Mei ni pampu ya MVA iliyokufa, na wagonjwa wote wa mwezi huo walipelekwa kituo cha jirani, ambacho kwenye jedwali lako kimepanda ghafla.