Mgongo Ukikuuma Ukiwa Uganda

Madereva wa malori wanaoingia Kampala kutokea mpakani Malaba wanaijua vizuri: kiuno kimekaza, na famasi ya kwanza barabarani ina sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Unachomwa, unapata nafuu, keshokutwa unarudi. Wanafunzi wetu wa Kansanga na wachuuzi wa Kikuubo, humo humo Kampala, nao hufanya vivyo hivyo. Mimi naona hapo ndipo wageni wengi, sisi tuliotoka Kenya, Tanzania au Kongo, tunapoharibu mambo. Dawa za aina hiyo zikitumiwa mfululizo huchubua tumbo na kuumiza figo, tena hutuliza maumivu bila kukuambia yametoka wapi. Ukiwa na vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au mimba, sema kabla hujachomwa.

Mara nyingi lakini mgongo huuma kwa sababu ya misuli na viungo tu, na hutulia ndani ya wiki chache. Kulala kitandani kutwa nzima hukuchelewesha. Tembea kidogo kidogo, pasha moto mahali panapouma, acha kubeba mizigo kwa muda, na boda za barabara zenye mashimo uziepuke ukiweza. Kliniki ikikutuma kupiga picha ya MRI kabla hata ya kukushika mgongo, uliza wanatafuta nini.

Kuna hali zisizongoja kesho. Miguu ikiishiwa nguvu, ukihisi ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Aliyeanguka au kupata ajali asipakiwe kwenye boda. Alazwe palipo sawa, asigeuzwegeuzwe, itafutwe ambulensi.

Halafu kuna magonjwa ya kwetu yanayojificha mgongoni. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, hata kama hukohoi kabisa. Vipimo na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa, hasa ukikaa upande wa Ankole kwenye ng'ombe wengi, mwambie daktari, maana brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nayo huleta homa na maumivu ya kiuno. Na mzee wa kiume ambaye mgongo umemwanza ghafla, hauachi hata akilala, apimwe tezi dume asiishie kuchuliwa.

Kwa maumivu ya kawaida anza kituo cha afya kilicho karibu, kisha uombe barua ya rufaa. Hospitali ya Mulago, hapo Kampala, ni ya serikali. Ada za matibabu katika wodi za kawaida za umma ziliondolewa mwaka 2001, ingawa utapanga foleni na huenda ukaambiwa ukanunue dawa nje. Nsambya, Mengo na Rubaga ni hospitali za makanisa, na huko unalipa. Kwa mifupa na mazoezi ya viungo, wengi huenda hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe.

Uganda haina bima ya afya ya taifa, na kadi ya bima ya umma uliyotoka nayo Kenya au Tanzania usiitegemee. Mwenye bima binafsi apige simu kwanza aulize hospitali gani zinaipokea. Ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, walioko kwenye makazi ya Nakivale, Kyangwali na kwingineko, hutibiwa katika vituo vya umma kama raia.

Kiswahili chako kisikudanganye: wauguzi wengi wa Kampala watakuhoji kwa Kiganda au Kiingereza. Nenda na mtu anayekijua Kiganda, na uandike mapema maumivu yalianza lini, yanashuka mguu gani, umemeza dawa zipi. Vituo vingi vya serikali vitakutaka uje na daftari, lile lile la shule, daktari aandike humo. Litunze pamoja na picha zako za hospitali, ili ukivuka mpaka kurudi Kisumu au Bukoba, daktari wa huko asianze upya.