Kabla ya kuomba nyumba ya mdaiwa iuzwe

Mwamuzi (adjudicator, mtu anayeamua mgogoro wa ujenzi nje ya mahakama) amekupa ushindi, siku ya kulipwa imepita, na uliyemfanyia kazi ya ujenzi hapokei simu. Kwa England na Wales, wakandarasi wengi hapo huwaza moja kwa moja kuomba nyumba yake iuzwe ili walipwe. Nyumba huweza kuuzwa kweli, ila safari ina hatua zake.

Sheria ya ujenzi ya mwaka 1996 humpa mwamuzi siku 28 tangu apelekewe mgogoro, na uamuzi wake lazima ufuatwe hata kama mdaiwa anataka kuupinga baadaye. Lakini uamuzi huo si hukumu. Unafungua kwanza shauri, kwa kawaida katika Mahakama ya Teknolojia na Ujenzi, ukiomba hukumu ya haraka isiyohitaji mashahidi. Jaji harudii hesabu za mwamuzi. Hutazama kama alikuwa na mamlaka na kama alizitendea haki pande zote. Hakikisha pia kwamba hukumjengea mtu makazi yake mwenyewe, kwa sababu hapo sheria hiyo haitumiki isipokuwa mkataba wenu uliweka utaratibu huo wa uamuzi.

Ukishapata hukumu, unaweza kuomba mahakama iliweke deni juu ya nyumba, yaani lisajiliwe ili lilipwe nyumba ikiuzwa. Ila fanya upekuzi kwenye daftari la ardhi kabla hujatumia senti nyingine kwa wakili. Jina lililoandikwa pale ndilo linaloamua kila kitu. Hukumu ikiwa dhidi ya kampuni na nyumba ikawa ya mkurugenzi, huigusi, hata kama ndiye aliyekuahidi malipo kwa mdomo wake. Nyumba ikiwa ya mdaiwa na mkewe, deni lako linashika fungu la mdaiwa tu, na unachosajili ni kizuizi, yaani alama kwenye daftari hilo, ambacho mara nyingi kinakupa taarifa ya mauzo bila kuyazuia. Nimeona watu wakilala usingizi wakidhani kizuizi hicho ni kufuli.

Kisha piga hesabu kwa kalamu. Tuseme nyumba ina thamani ya pauni 420,000, benki inadai 330,000, na mdai mwingine alishasajili 50,000 kabla yako. Zimebaki 40,000, na humo zitatoka gharama za mauzo. Kama unadai 65,000, kuuza leo kunakuacha na pengo. Huenda ni afadhali deni likae juu ya nyumba, riba ya hukumu ya asilimia 8 kwa mwaka ikiendelea kuhesabika.

Amri ya kuliweka deni juu ya mali hutolewa kwanza ya muda, halafu ya mwisho. Usichelewe katikati: kampuni ikiingia kwenye ufilisi kabla amri haijawa ya mwisho, kwa kawaida unarudi kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana.

Kuomba mali iuzwe ni shauri jingine kabisa, na jaji halazimiki kukubali. Atauliza nani anaishi mle, kama kuna watoto, deni ni kubwa kiasi gani na kama ipo njia nyepesi zaidi. Anaweza kumpa mdaiwa muda wa kulipa kwanza. Kwa hiyo barua ya kumpa nafasi ya mwisho, yenye kiasi na tarehe, iwe imeshatumwa, na nakala yake ikae juu kabisa kwenye faili.