Kuchagua ruta itakayoikubali OpenWrt

OpenWrt ni programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani ndani ya ruta. Kabla ya kulipa, pindua ruta usome lebo ya chini. Jina la modeli halitoshi. Toleo la kifaa (v1, v2 n.k.) ndilo linaloamua. TP-Link TL-WR841N v13 ina fleshi (hifadhi ya programu) ya MB 8 na RAM ya MB 64, lakini v14 imepunguzwa hadi MB 4 na 32, na OpenWrt za sasa haziingii humo. Hata hiyo v13 usiinunue leo: tafuta MB 16 na 128 kwenda juu. Chipu za MediaTek zinafaa sana. Za Broadcom ziepuke, Wi-Fi yake mara nyingi husumbua kwa kukosa draiva huria (programu ya kuendesha chipu).

Usakinishaji wa kwanza ufanye kwa waya, kwa faili la OpenWrt liitwalo “factory”. “Sysupgrade” ni la kusasisha baadaye. Kwa kawaida Wi-Fi huja imezimwa: fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari uiwashe.